Kiti cha Tatu Kutoka Mlangoni

4 Februari

Mjomba,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba kile kifaa cha sikioni kimeacha kupiga mluzi. Mwezi uliopita nilikupigia simu mara tatu, na mara zote tatu ulisema "Sema kwa sauti!" mpaka wenzangu ofisini wakadhani nagombana na mume ambaye hata sina. Basi tumerudi kwenye karatasi, kama ulivyotaka.

Mimi sijambo. Huu ni mwaka wangu wa pili katika roshani ya waandishi kule bungeni. Tunabanana kule juu kama enzi zenu, na chini yetu waheshimiwa wanasinzia kwa zamu kana kwamba wamepangiwa ratiba. Kiti chako bado kipo, cha tatu kutoka mlangoni, na mkono wake wa kushoto una ule mkwaruzo wa pale ulipokuwa ukinolea penseli. Ndicho ninachokalia. Picha yako nayo ipo ukutani pale chumba cha habari, juu ya birika la chai, kwa hiyo unapata mvuke kila asubuhi.

Nina jambo la kukuuliza. Kila siku ya kikao mama mmoja mzee huja langoni mwa bunge na kumsimamisha kila mwenye kitambulisho cha mwandishi: "Wewe wa gazeti gani?" Juzi nilipomtajia letu, akafungua mkoba na kutoa karatasi iliyohifadhiwa ndani ya plastiki. Ilikuwa habari yako, Mjomba. BUNGE LAAHIRISHA UCHAGUZI KWA KAULI MOJA. Ni ule muswada uliowaongezea wabunge miaka mitano bila kupigiwa kura. Sentensi moja imepigiwa mstari kwa wino wa bluu: "Hakuna sauti hata moja iliyopinga."

Huyo mama ni mjane wa yule mbunge waliyemwita Fundi Saa. Anasema mumewe alipinga. Spika alipouliza wasioafiki waseme siyo, yeye alisema siyo, peke yake, kwa sauti. Akasafiri kwenda kuwaambia watu wake, lakini lori la magazeti lilikuwa limemtangulia. "Fundi, siyo yako iko wapi?" wakamwuliza. "Tuonyeshe ilipoandikwa." Wakaacha kumpelekea saa zao. Watoto wakipita dukani kwake walikuwa wakinong'ona, siyo, siyo, kisha wanakimbia. Alikufa akiitwa mwongo.

Nimetafuta kwenye Hansadi, zile kumbukumbu rasmi za bunge. Zinasema tu kwamba hoja iliamuliwa na kuafikiwa. Kanda za sauti zilitumiwa tena kurekodia vikao vingine. Mhariri yuko tayari kuchapa sahihisho iwapo mtu aliyekuwapo atathibitisha. Waandishi wote wa siku ile wamekwisha kufa, isipokuwa wewe.

Ulimsikia?

Mpwa wako

*

22 Februari

Mpwa wangu Kiroboto,

Marahaba. Utaniwia radhi kwa jina hilo, lakini mtoto ambaye hakuweza kukaa kitini dakika mbili kulipwa mshahara kwa kukaa kitini saa sita ni jambo linalonichekesha kila nikilikumbuka.

Usinihofie. Mtaa huu una baridi lakini mimi si mpweke. Watu hunitembelea, tunazungumza siasa, siku inakwisha. Jirani wa ghorofa ya chini, fundi cherehani mstaafu, hunipandishia barua zangu kwa sababu magoti yangu na ngazi hayapatani tena.

Nimefurahi kusikia kwamba roshani bado imejaa. Nikupe mbinu moja ya zamani. Ukitaka kujua kama wabunge waliomo wanatosha kupitisha sheria, usihesabu vichwa. Vichwa huinama na kujificha nyuma ya makabrasha. Hesabu viatu vya walio upande wa pili, chini ya viti, kisha gawanya kwa mbili. Sikuwahi kukosea, ila mara moja tu, mheshimiwa mmoja alipovua vyake na kwenda bafuni na soksi. Na usimtazame anayesema. Mtazame anayesikiliza.

Fundi Saa namkumbuka. Koti la kijivu, vidole vyembamba. Kila alipoingia ukumbini alitazama saa kubwa ya ukutani, akatazama ya mkononi mwake, akatikisa kichwa kwa huruma kama daktari aliyefika amechelewa.

Kuhusu siku ile, miaka thelathini na minne ni mingi. Ukumbi ulikuwa na kelele. Sikumbuki. Mwambie huyo mama, kwa upole, kwamba gazeti ni la siku moja tu.

Mjomba wako

*

12 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Nilimfikishia ujumbe wako. Akajibu: "La kwangu limedumu miaka thelathini na minne. Mwambie lilitengenezwa vizuri."

Tulikaa naye kwenye benchi la nje ya lango. Mlinzi amezoea kumpa kiti, lakini anasema anapenda benchi kwa sababu halina mwenyewe. Ana maradhi ya figo. Daktari hamwambii muda, naye hamwulizi. Nikamwuliza, "Bibi, unataka nini hasa? Mtaa uitwe kwa jina lake?" Akanitazama kama nimetukana. "Mtaa wa nini? Nataka mstari mmoja. Pale pale mlipoandika ule mwingine."

Nikarudi juu, nikaweka mkoba wangu kwenye kiti cha jirani, nikakaa kwenye kiti chako na kuwaza.

Unajua mama alinisimulia nini juu yako nilipokuwa mdogo? Kwamba wewe ulikuwa mwandishi pekee aliyekaa mpaka mwisho. Wenzako walikimbilia simu, walikimbilia chai, lakini kaka yake hakunyanyuka mpaka Spika ametoka mlangoni. Alikuwa akilisema hilo kwa fahari, kama wengine wanavyotaja mali. Ndiyo sababu niliingia kazi hii. Kwa hiyo najua kwamba kama kuna aliyesikia, ni wewe.

Jaribu tena, tafadhali. Funga macho. Spika amesimama, anauliza wasioafiki. Nini kinafuata?

Mpwa wako

*

30 Machi

Mpwa wangu,

Nimefumba macho kama ulivyoniagiza. Naambatisha maelezo haya, umpe mhariri.

"Mimi, niliyekuwa mwandishi wa bunge wa gazeti hili kwa miaka kumi na mmoja, nathibitisha kwamba siku ulipopitishwa muswada wa kuahirisha uchaguzi nilikuwa kitini mwangu mpaka mwisho wa kikao. Spika alipowauliza wasioafiki, nilimsikia kwa masikio yangu mheshimiwa aliyeitwa Fundi Saa akisema 'siyo' kwa sauti ya wazi. Niliandika hivyo katika habari yangu. Mstari huo uliondolewa na mhariri wa zamu, ambaye sasa ni marehemu, bila mimi kujua."

Nadhani yanatosha. Mpe huyo mama salamu zangu, na umwambie nasikitika kwamba amengoja sana.

Hapa mvua inanyesha wiki ya pili. Wageni wangu wamepungua kidogo kwa sababu yake.

Mjomba wako

*

19 Aprili

Mjomba,

Shikamoo.

Barua yako ilipofika nililia kwa furaha kwenye korido, mbele ya mpiga picha, ambaye sasa anajua kwamba nina moyo. Mhariri aliisoma mara moja, akasema inakwenda ukurasa wa pili, Jumatatu. Jumamosi nilikwenda nyumbani kwa yule mama nimsomee mwenyewe, asije akaikuta gazetini bila kujiandaa.

Chumba chake kina saa tisa ukutani, zote za mumewe, na zote zinakubaliana. Nikamsomea. Akasema, "Hebu rudia pale mwanzo. Alikuwa wapi?"

"Kitini mwake, Bibi. Mpaka mwisho."

"Kiti gani?"

"Cha tatu kutoka mlangoni. Nakikalia mimi sasa."

Mjomba, alicheka. Si kicheko cha dharau, na hilo ndilo lililonitisha. Akaniambia: "Mwanangu, mume wangu alinisimulia siku ile mara nyingi kuliko alivyonisimulia siku ya harusi yetu. Aliposema siyo, ukumbi mzima uligeuka kumtazama, akaogopa. Akainua macho kwenye roshani, amtafute yule wa gazeti lenu, yule mwenye kunolea penseli kwenye kiti, aone kama anaandika. Kiti kilikuwa kitupu. Wa kulia yupo, wa kushoto yupo, katikati pengo."

Nikamwambia labda alikosea, kwa hofu aliyokuwa nayo. Akanionyesha zile saa tisa. "Huyo unayemwona hapa alikuwa mtu wa kukosea?"

Nikasema, "Lakini Bibi, maelezo haya yanakupa unachotaka. Mstari utachapwa."

"Walimwita mwongo mpaka kaburini," akasema. "Unataka nimtoe humo kwa uongo wa mtu mwingine? Rudisha karatasi yako."

Nimeiondoa gazetini. Mhariri alinitazama kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda. Yule mhariri wa zamu uliyemtaja ana mjukuu anayefanya kazi idara yetu ya michezo. Kila siku hunisalimia.

Mjomba, ulikuwa wapi?

Mpwa wako

*

9 Mei

Mpwa wangu,

Nimeichana barua hii mara tatu. Hii ya nne nitaituma hata ikiwa mbaya.

Nilikuwa kwenye simu.

Nje ya roshani kulikuwa na korido, na kwenye korido simu moja kwa magazeti yote. Lori la toleo la mikoani liliondoka mapema jioni, kwa hiyo habari ilibidi isomwe kwa simu kabla ya saa kumi na mbili, na aliyeshika simu wa kwanza aliwachelewesha wengine wote. Kila mtu alijua muswada ule utapita. Nikaandika habari nzima wakati wa chakula cha mchana, pamoja na hiyo sentensi yenye wino wa bluu. Saa kumi na moja na nusu nilitoka, mjadala ukiwa bado haujafungwa, nikaanza kuisoma kwa mpokeaji wa habari ofisini kwetu, neno kwa neno, nikimtajia hata nukta. Nilipofika mwisho nikasikia "ndiyo" yao kupitia ukutani, mngurumo kama kabati linalokokotwa sakafuni. Nikaona nimebashiri vizuri. Nikafunga simu.

Hapo bado lilikuwa kosa la haraka tu. Sikiliza lililofuata.

Tulikuwa na desturi, ambayo hamna budi kuicheka ninyi wa leo. Baada ya kikao tulikutana katika mgahawa wa bunge na kulinganisha madaftari. Sisi wa magazeti matatu tulikubaliana nani alisema nini, kwa maneno gani, ili kesho yake asiwepo mhariri wa kumwuliza mtu wake, "Kwa nini wenzio wana hili na wewe huna?" Tuliona ni uangalifu. Jioni ile mwenzetu tuliyemwita Mrefu akafungua daftari na kusema, "Kuna mmoja kasema siyo. Fundi Saa." Yule mwingine akasema, "Kweli, hata mimi nimemsikia."

Nikawaambia, "Mimi nimeshasoma habari yangu."

Sikusema zaidi ya hapo. Nilikuwa mkubwa wao kwa miaka, na gazeti langu ndilo lililosomwa zaidi. Mrefu alinitazama, kisha akatoa kifutio mfukoni, akafuta. Alipuliza vumbi la kifutio kutoka mezani. Nalikumbuka vumbi lile kuliko nyuso nyingi za jamaa zangu.

Toleo la mjini lilikuwa halijafungwa bado. Nilikuwa na saa tatu, na simu haikuwa na mtu. Nikaagiza chai.

Kwa hiyo mhariri wa zamu hakukata mstari wowote. Hapakuwa na mstari wa kukata. Nimemsingizia marehemu aliyenipa kazi yangu ya kwanza, na umwombe radhi mjukuu wake kwa niaba yangu hata kama hajui ni kwa ajili ya nini.

Miaka miwili baadaye walinikamata kwa habari nyingine, ambayo ilikuwa kweli tangu neno la kwanza hadi la mwisho, na nilipotoka ndani nikakimbia nchi. Watu wakaniita shujaa. Ujasiri ule ulikuwa wangu, siukani. Lakini ulikuwa wa siku nyingine, nami nikauacha ufunike na siku ile. Mama yako alipokusimulia kwamba nilikaa mpaka mwisho, ni mimi niliyemwambia hivyo.

Chapeni yote. Msiandike "mwandishi wetu", andikeni jina langu kamili. Usinionee huruma, na usinitetee kwa mhariri.

Na wageni hawapo, Kiroboto. Hawajawahi kuwapo. Yupo jirani tu, naye huleta barua, na barua ni zako.

Mjomba wako

*

3 Juni

Mjomba,

Shikamoo.

Imechapwa Jumatatu, ukurasa wa pili, chini ya mstari mweusi. Naambatisha nakala, lakini naiandika na hapa ili uione kwa mwandiko wangu:

"Sahihisho. Miaka thelathini na minne iliyopita gazeti hili liliandika kwamba hakuna mbunge aliyepinga muswada wa kuahirisha uchaguzi. Si kweli. Mbunge mmoja, aliyejulikana kama Fundi Saa, alisema siyo. Mwandishi wa habari ile hakuwapo ukumbini wakati wa uamuzi, aliambiwa jioni ileile, na hakusahihisha." Chini yake jina lako kamili.

Nilimpelekea kitandani. Haji tena langoni. Mlinzi ananiuliza habari zake, na kiti chake amekiegemeza ukutani. Alisoma mwenyewe, kidole chini ya kila neno, mara mbili. Kisha akasema, "Nani ana mkasi?" Nikamkatia. Akaiingiza katika ile plastiki, juu ya ile ya kwako, zikitazamana. Nikamwuliza kama ana neno kwako. Alifikiri mpaka nikadhani amelala. "Mwambie imefika," akasema.

Picha yako imeondolewa. Sitakudanganya kwamba nilipigana. Juu ya birika sasa pana mraba mweupe kuliko ukuta mwingine. Mjukuu wa yule mhariri wa zamu, niliyekwisha kumfikishia radhi zako, alinikuta nautazama, akanikaripia kwa maneno mawili matatu niliyostahili, kisha akanimiminia chai. Picha ninayo mimi nyumbani, imegeukia dirishani.

Nami nina langu la kukiri. Roshani haijajaa. Nilikuandikia tunabanana kwa sababu ndivyo ulivyopenda kuikumbuka. Viti kumi na viwili, na mimi tu. Wengine hutazama kikao kwenye runinga ofisini, ambako kamera inamwonyesha anayesema na Spika, basi. Nimekuwa nikikaa pale peke yangu kwa mwaka mzima, nikiwaandikia watu ambao pengine hawasomi, na kila nilipotaka kunyanyuka mapema nilikuogopa wewe.

Wiki iliyopita muswada wa ada za hospitali ulipita. Mngurumo wa ndiyo, kisha Spika akauliza wasioafiki, kwa haraka, huku akigeuza ukurasa. Ikasikika siyo moja. Mheshimiwa mmoja wa nyuma kabisa, aliyekuwa muuguzi zamani. Wakageuka kumtazama. Akainua macho juu.

Nikainua kalamu, aione.

Mwezi ujao roshani inafungwa kwa ukarabati, nasi tutapewa chumba chenye skrini. Hawasemi itafunguliwa lini. Mpaka siku hiyo nitakuwa pale, kitini mwako. Sijui kama nimekusamehe. Najua tu kwamba nimekuandikia.

Mpwa wako

*

22 Juni

Mpwa wangu Kiroboto,

Marahaba. Barua yako imefika, na kipande cha gazeti hakikukunjamana.

Nimekaa nacho mezani siku nzima. Nilitamani kumwonyesha mtu. Nimefanya kazi ya kuwaambia watu habari, na hii ni habari, na mtaa mzima huu hakuna anayesoma lugha yetu. Jirani alipopanda kuniletea mkate nikampa. Akavaa miwani, akaitazama kwa heshima, kama anavyotazama mshono wa mtu mwingine. Akaona jina langu, maana hilo analijua kutoka kwenye bahasha. Akaligusa na kutabasamu.

Akaniuliza kwa sauti kubwa, karibu na sikio zima, "Umeandikwa gazetini! Ni habari njema au mbaya?"

Nikamwambia ni sahihi.

Hakuelewa, akangoja niendelee. Nikavuta kiti cha pili, ambacho kwa miaka mingi nimekuwa nikiwekea vitabu, nikaviondoa, nikamkaribisha aketi. Nikaanza tangu mwanzo, na sikunyanyuka mpaka nilipofika mwisho.

Mjomba wako